Nani Alipie Chandarua? Mhadhara Kuhusu Uzamivu katika Huduma na Sera za Afya



Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Kilifi, pwani ya Kenya. Katika maeneo yaliyogawiwa vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko katika maeneo yasiyogawiwa. Gambia, Ghana na Burkina Faso nako majaribio ya namna hiyo yalionesha mwelekeo uleule. Kwa daktari na kwa mtaalamu wa mbu, swali lilikuwa limekwisha: chandarua chenye dawa kinaokoa mtoto.

Agosti 2007, miaka 11 baadaye, Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa. Miaka hiyo 11 ndiyo mada yangu ya leo. Kinga ilijulikana. Kilichokuwa hakijulikani ni namna ya kuifikisha kitandani kwa mtoto wa Bondo, Kenya, au wa Ulanga, Tanzania, na nani alipie. Swali hilo halijibiwi maabara. Ni swali la huduma na sera, na elimu ya kulijibu inasomewa hadi shahada ya uzamivu, ingawa wengi wetu bado tunaiona kama kimbilio la madaktari waliochoshwa na zamu za usiku.

Ubishi wenyewe mnaukumbuka, kwa kuwa ulifika hadi vibarazani. Upande mmoja ulisema kitu cha bure hakithaminiwi. Watu watavulia dagaa, watafunikia vifaranga, watashonea shela. Mtu akikinunua kwa senti yake atakitumia, na biashara ya vyandarua ikishamiri dukani, siku mfadhili akiondoka chandarua hakitaondoka naye. Upande wa pili ulijibu kwamba mama asiye na shilingi mfukoni ndiye mwenye mtoto aliye hatarini zaidi, na bei yoyote, hata iwe ndogo kiasi gani, inamchuja yeye kwanza. Pande zote mbili zilikuwa na watu wenye akili na nia njema. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni ushahidi, na palipokosekana ushahidi kila mtu alishinda kwa sauti.

Hapa Tanzania tulianza na soko. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara waliendesha mradi wa kuuza vyandarua kwa bei ya ruzuku, vikitangazwa kwa jina la Zuia Mbu. Mradi ulifuatiliwa kwa daftari la kudumu la kaya: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Mwaka 2001 waliripoti kwamba uhai wa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 waliotumia vyandarua vyenye dawa ulikuwa bora kwa asilimia 27. Maana yake faida iliyoonekana kwenye jaribio ilionekana pia dukani, katika maisha ya kawaida ya watu wanaonunua chumvi na mafuta ya taa. Baadaye, mwaka 2004, ikaja Hati Punguzo: mjamzito anapewa hati kliniki, anaipeleka dukani, anaongezea fedha, anachukua chandarua. Kinamama wengi waliofaidika na utaratibu huo wako hai na wanaweza kusimulia. Lakini neno la kulitazama hapo ni "anaongezea".

Kenya nako walianza na maduka, wakaja na kliniki za kinamama zilizouza chandarua kwa shilingi 50 za Kenya, kisha mwaka 2006 serikali ikagawa vyandarua milioni 3.4 bure, pamoja na kampeni ya chanjo ya surua. Mtafiti Abdisalan Noor na wenzake walikuwa wakiwafuatilia watoto wale wale wa Bondo, Kisii, Kwale na Makueni katika vipindi vyote vitatu. Mwanzoni, wakati wa maduka, watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa asilimia 7 tu. Mwanzoni mwa 2007, baada ya ugawaji wa bure, walikuwa asilimia 67. Hata hivyo takwimu iliyonishika mimi ni nyingine. Wakati wa maduka, mtoto wa kaya maskini kabisa alikuwa na nafasi chini ya asilimia 3, na wa kaya yenye uwezo karibu asilimia 16. Baada ya ugawaji wa bure, wote wawili walikuwa asilimia 66 kwa kukadiria. Pengo la maskini na tajiri lilifutika katika mwaka mmoja. Katika kazi yetu hii jambo la namna hiyo halionekani mara mbili.

Mtu mkaidi, na mwanafunzi wa uzamivu anapaswa awe mkaidi, atauliza: tutajuaje kwamba si mambo mengine yaliyobadilika katika miaka hiyo? Redio ilitangaza zaidi, barabara zilitengenezwa, na watu wenyewe walikwisha kukizoea chandarua. Swali la haki. Jibu lake lilitoka magharibi ya Kenya, ambako Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wanauchumi, waliteua kliniki 20 za wajawazito na kupangia bei kwa kura. Kliniki nyingine zikagawa bure, nyingine zikauza kwa bei tofauti hadi shilingi 40. Ilipofika shilingi 40, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia kulinganisha na penye bure. Na wale waliopewa bure? Watafiti walipowafuata nyumbani waliwakuta wamevitundika sawa na walionunua. Hoja ya dagaa na vifaranga, iliyotawala mikutano kwa muongo mzima, haikusimama.

Nimekaa sana kwenye chandarua, na nimefanya hivyo kwa makusudi, maana kila ninachotaka kusema leo kimo humo. Angalieni swali lilivyokaa. Jibu lingeweza kwenda upande wowote. Kama waliouziwa wangevitumia zaidi kuliko waliopewa bure, sera ingebidi iwe nyingine. Palikuwa na mtu maalumu aliyeshika kalamu ya uamuzi, katika wizara na kwa wafadhili, akisubiri au akiogopa jibu. Na aliyepimwa ni mtoto kitandani. Ripoti ya ghala ingeonesha vyandarua vilivyotoka tu, bila kusema vilikokwenda. Tasnifu ya huduma na sera za afya inayokosa hayo, kwa maoni yangu, ni insha ndefu yenye jedwali.

Elimu hii haina baba mmoja. Kuna waliotoka kwenye tiba, kama Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 alipendekeza tutazame ubora wa huduma mahali patatu: vilivyopo, vinavyotendeka na kinachotokea kwa mgonjwa. Kwetu sisi hilo ni jambo la kila siku. Zahanati ina mashine ya kupima presha, basi vilivyopo vimetimia. Je, mjamzito wa leo amepimwa? Na kama alipimwa na presha ilikuwa juu, alipelekwa hospitali akanusurika? Ripoti zetu nyingi za ukaguzi huishia kuhesabu mashine.

John Wennberg naye alikuta kule Vermont, Marekani, kwamba watoto wa eneo moja walikuwa wakikatwa tezi za kooni zaidi ya mara kumi kuliko watoto wa eneo jingine. Alipochapisha matokeo hayo mwaka 1973 pamoja na Alan Gittelsohn, ikabidi watu wakubali jambo chungu: kisu kilifuata mazoea ya daktari kuliko ugonjwa wa mtoto. Leo mtu akitaka kutafiti viwango vya upasuaji wa uzazi kati ya hospitali na hospitali hapa Dar es Salaam, anatembea katika njia ya Wennberg, hata kama hajapata kulisikia jina lake.

Na yuko Richard Titmuss, ambaye kwetu ana nafasi ya pekee. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitoa ripoti juu ya huduma za afya za Tanganyika, waliyoiandalia serikali, nchi ikiwa na miaka 3 tu tangu uhuru. Huwezi kuusoma mtandao wetu wa zahanati na vituo vya afya vya vijijini, uliotanuka baada ya Azimio la Arusha, bila kuipitia ripoti ile. Kwa faida ya wanafunzi niongeze kwamba Titmuss, profesa wa London School of Economics, hakuwa na shahada hata moja ya chuo kikuu. Wasajili wa masomo ya uzamili msinikasirikie.

Turudi nyumbani kabisa, Morogoro na Rufiji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, waliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi cha TEHIP. Wazo lake lilikuwa jepesi kiasi cha kutia aibu: tulinganishe kinachowaua watu wa wilaya na kinachokula bajeti ya wilaya. Watu wengi walifia nyumbani, kwa hiyo hospitali isingeweza kujua. Wadodosaji walikwenda kwa wafiwa, wakauliza kwa adabu dalili alizokuwa nazo marehemu, na madaktari wakakisia sababu ya kifo kutokana na maelezo hayo. Katika Morogoro ikaonekana malaria inachukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikipata asilimia 5 ya bajeti ya mwaka 1996. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilikuwa na asilimia 22 ya bajeti.

Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa imepangwa kama ya mwaka uliotangulia, na ile ya mwaka uliotangulia kama ya mwaka wa nyuma yake, huku kila mradi wa mfadhili ukiwa na fungu lake lisiloguswa. Timu za afya za wilaya zilipopewa picha ya magonjwa yao kwa michoro wanayoielewa, pamoja na nyongeza ndogo ya fedha, zilihamisha matumizi. Vifo vya watoto vikashuka katika wilaya zote mbili. Nyongeza iliyotumika ilikuwa wastani wa senti 80 za dola kwa mtu kwa mwaka, bei ya soda mbili. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema hatuwezi kutafiti mifumo yetu wenyewe kwa kuwa hatuna vifaa, namwambia aende Rufiji.

Sasa niwaambie wanafunzi kazi yenyewe inavyoonekana kwa karibu, kwa sababu wengi wanadhani ni kompyuta na takwimu za kupakua.

Chukua kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya: ndiyo rejesta ya wodi ya wazazi. Kila mama aliyejifungua ana mstari wake: namba, jina, umri, mimba ya ngapi, alivyojifungua, uzito wa mtoto, alama ya Apgar, inayopima hali ya mtoto mchanga, dakika ya kwanza na ya tano. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha, fomu inapanda wilayani, inaingizwa kwenye mfumo, na kutoka hapo inakuwa asilimia ya taifa ambayo waziri ataisoma bungeni. Mwanafunzi anayekaa Dar es Salaam anaiona asilimia tu. Anayeketi kwenye benchi la wodi na kukifungua kitabu chenyewe ataona mambo mengine. Ataona safu ya uzito imejaa kilo 3 kamili, 3, 3, na hapa na pale 3.5, kana kwamba watoto wa kata ile wameagizwa wazaliwe bila gramu za ziada. Ataona Apgar ya kila mtoto ni 8 kisha 10, hata yule ambaye safu ya mwisho inasema alifariki saa hiyo hiyo. Ataona mistari 14 imeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja usiotetereka, na atafahamu kwamba imejazwa siku moja.

Mwanafunzi mchanga atakimbilia kuandika kuwa watumishi ni wazembe. Mwanafunzi mzuri atabaki mpaka usiku. Atamkuta mkunga mmoja na kinamama wanne, mmoja anavuja damu, mizani imekufa, na rejesta iko chumba cha pili. Hapo ndipo swali la uzamivu linapozaliwa: takwimu hizi zinaandikwa kwa ajili ya nani, mtu anafaidika nini kuziandika vizuri, na kitatokea nini siku tutakapoanza kulipa fedha kwa kuzifuata?

Siku hiyo ilikwisha kufika. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya malipo kwa ufanisi, ambapo vituo na watumishi walipata nyongeza wakifikia malengo ya huduma. Watafiti wa Ifakara, pamoja na wenzao wa London na Bergen, walilinganisha wilaya za Pwani na wilaya jirani za Morogoro na Lindi, na hawakutegemea rejesta peke yake. Waliwahoji kinamama majumbani. Kati ya huduma 8 zilizolipiwa, 2 ndizo zilizoonesha ongezeko la kuaminika: kujifungulia kituoni na dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito. Matokeo ya namna hii hayamfurahishi mtu. Anayeupenda mpango ataona ni madogo, anayeupinga atayaona makubwa. Mimi nayaona ni matokeo ya kiungwana, yanayosema kilichoonekana na kunyamaza pale yanapoishia. Ninawapa wanafunzi wayasome kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa pendekezo lao.

Uganda ina somo jingine. Machi 2001, katika joto la uchaguzi, Rais Museveni alifuta ada katika vituo vya serikali. Watu walimiminika, na maskini waliongezeka zaidi. Waliokuwa wakipinga uchangiaji wa huduma walishangilia, na kwa hilo walikuwa na haki. Kisha wakaja watafiti waliochungulia mifuko ya kaya, wakakuta kwamba maskini walioumizwa na gharama kubwa za matibabu hawakupungua. Ada ilikuwa imefutwa, lakini dawa zilikwisha kituoni mapema, mgonjwa akaandikiwa karatasi akanunue mtaani. Uamuzi ulikuwa mwema na haukutosha, na yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mwanasiasa hana nafasi ya kusema sentensi kama hiyo jukwaani. Ndiyo maana jamii inamlipa mtu miaka 4 ajifunze kuisema.

Tumlipe, lakini tumfundishe vipi? Marekani mwanafunzi wa shahada hii kwa kawaida anakaa darasani kama miaka 2: uchumi, takwimu, sayansi ya siasa, sosholojia ya taasisi. Anafanya mtihani mzito wa kufuzu, ndipo anaruhusiwa kuandika tasnifu, ambayo siku hizi mara nyingi ni makala 3 zinazoshikana. Harvard imekuwa na programu ya namna hiyo, inayounganisha vitivo kadhaa, tangu miaka ya 1990, na mmoja wa walioijenga ni Joseph Newhouse, aliyeongoza jaribio kubwa la bima la RAND lililopangia maelfu ya Wamarekani viwango tofauti vya kuchangia matibabu. Sisi tulirithi mtindo wa Uingereza. Mwanafunzi anaingia na pendekezo mkononi, anapewa msimamizi, anaambiwa aanze.

Mtindo wa Uingereza unamfaa mtu aliyekwisha kuiva. Haumfai muuguzi hodari wa Singida mwenye swali zuri la uchumi wa afya lakini hajawahi kufundishwa uchumi. Anabaki na msimamizi ambaye naye ana wanafunzi 9, vipindi, kliniki na ushauri wa kitaalamu wa kulipia ada za watoto. Baadhi ya vyuo vyetu vimeanza kuongeza masomo ya darasani, nami nasema viongeze zaidi bila aibu. Mfano wa kuigwa uko jirani. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa 2008 ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umekuwa ukiwakusanya wahadhiri vijana wa vyuo vya Afrika, Makerere, Moi na Nairobi vikiwemo. Wanapita pamoja katika semina za wiki kadhaa kwa hatua, kuanzia kuliweka swali sawa hadi kuandika makala. Mtu anayesoma peke yake chumbani Mabibo, akisubiri barua pepe ya msimamizi kwa miezi 3, angetoa kila alicho nacho apate semina moja kama hiyo.

Lakini tatizo kubwa kuliko ufundishaji ni mahali maswali yanapotoka. Pitieni rafu za tasnifu katika maktaba zetu. Mtakutana na uelewa, mtazamo na mwenendo wa kinamama wa wilaya fulani kuhusu jambo fulani, sampuli 384, dodoso, asilimia, mapendekezo kwamba elimu itolewe. Mwaka unaofuata wilaya inabadilika, mengine yanabaki. Tasnifu hizo hazina kosa la hesabu. Kosa lake ni kwamba hakuna jibu ambalo lingemfanya mtu yeyote abadilishe chochote. Hata kama asilimia ingekuwa 20 au 80, pendekezo lingekuwa lile lile: elimu itolewe. Mama analaumiwa kwa kutojua, na ofisi iliyomnyima gari la wagonjwa haiguswi.

Upande wa pili wako wanaosoma kwa fedha za mradi wa nje. Hao wana vifaa, wana wasimamizi wazuri, wanachapisha. Swali lao, hata hivyo, liliandikwa kwenye ombi la fedha miaka 2 kabla hawajapatikana wao. Siwalaumu wafadhili, anayemlipa mpiga zumari huchagua wimbo, na watafiti wa chandarua nao walilipwa kutoka nje. Ninachosema ni kwamba nchi isiyotenga fedha zake kwa maswali yake itaendelea kujibu ya wengine kwa ustadi mkubwa.

Na maswali yetu yako wazi mchana kweupe. Igunga ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996, kaya ikichangia na serikali ikiongezea kwa utaratibu tuliouita tele kwa tele. Mwaka 2001 ikawa sheria, mwaka 2018 tukauboresha, kaya ya watu 6 ikilipa shilingi 30,000. Kote huko wanachama hawakufikia matarajio, na sababu zinabishaniwa hadi leo: bei, au dawa kukosekana, au dharau ya dirishani kwa mwenye kadi? Toto Afya Kadi nayo ilimkatia mtoto bima kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na mwaka 2023 wazazi wakaambiwa hawawezi tena kusajili mtoto mmoja mmoja, kwa maelezo kwamba waliojiunga walikuwa hasa wale ambao watoto wao walikwisha kuugua. Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kenya, tangu Oktoba 2024, wamehamia mamlaka mpya ya SHA, ambapo mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara na asiye na ajira rasmi anakadiriwa uwezo wake kwa maswali ya aina ya paa, choo na mifugo.

Hayo ni maswali ya uzamivu yanayotembea barabarani. Mama mboga wa Gikomba, Nairobi, mwenye paa la bati na deni la kikoba anakadiriwaje bila kuonewa? Nani hasa atasamehewa mchango katika kijiji cha Igunga, na mwenyekiti wa kitongoji atamwandika shemeji yake kwanza? Kadi ikiwa mikononi mwa watu wote na Bohari ya Dawa imepeleka nusu ya mahitaji, tutakuwa tumerudia Uganda ya 2001 kwa jina la bima? Kila swali hapo lina mwenye kalamu, na kila jibu linaweza kumkera.

Nimalizie na waganga wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri mlioko hapa, kwa kuwa ninyi ndio mnaopokea barua. Mtafiti anafika kwenu akiwa na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, barua ya chuo, barua ya TAMISEMI na ya Katibu Tawala wa Mkoa, nanyi mnagonga muhuri, anashuka kwa mtendaji wa kijiji, hamumwoni tena. Nawaomba msigonge muhuri haraka. Mwulizeni maswali mawili: jibu la utafiti wako linaweza kunifanya nibadilishe kitu gani katika mpango wangu wa mwaka, na utarudi lini kuyasoma matokeo mbele ya timu yangu, kwa Kiswahili? Akishindwa la kwanza, mrudisheni kwa msimamizi wake, hata kama msimamizi huyo ni mimi. Akijibu yote mawili, andikeni tarehe yake ya kurudi kwenye kalenda ya halmashauri, mpeni kiti katika wodi, na mfungulieni kitabu namba 12.